Nani Atakusimamia? Historia Ndefu ya Kuondoka Makaoni

Chumba kimoja cha mabati pale Kabiria, Dagoretti, jijini Nairobi, hakina masharti mengi. Mwenye ploti anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya kiasi hichohicho, nakala ya kitambulisho, na jina la mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Kijana aliyekulia kwa mama yake huko Riruta au Waithaka humaliza hayo yote kwa asubuhi moja. Pesa zikipelea, shangazi ataongeza. Kitambulisho alikipata baada ya baba kumpeleka kwa chifu. Jina la mtu wa kupigiwa simu hulitaja bila kufikiri. Lakini yule aliyetoka makao ya watoto mwezi uliopita, kwa kuwa tu ametimiza miaka 18, hukwama katika kila sharti, na kila anapokwama huulizwa jambo lilelile kwa maneno tofauti: wewe ni wa nani, na nani atakusimamia?

Kwa sheria ya Kenya utoto huisha siku mtu anapotimiza miaka 18. Kwa mtoto wa nyumbani siku hiyo hupita, kuwe na keki au kusiwe, na kesho yake anaamshwa akachote maji kama kawaida. Kwa mtoto wa makao, siku hiyo imeandikwa kwenye faili kuwa ndiyo ya kuondoka. Tumezoea kulizungumzia jambo hili kana kwamba ni tatizo la juzi lililoletwa na mashirika na wafadhili. Si la juzi. Afrika Mashariki imelea watoto wasio na wazazi katika majengo maalumu kwa zaidi ya miaka 150, na kila kizazi kililazimika kuamua mtoto huyo atatokea mlango gani akishakuwa mtu mzima. Majibu yao, mengine mazuri na mengine ya kutia uchungu, yanafaa kukumbukwa sasa serikali inapotaka kuyafunga makao hayo.

Tuanze hapahapa Dagoretti, kabla ya ploti na kabla ya reli. Hii ilikuwa ardhi ya mbari, yaani koo, za Wakikuyu, kwenye ukingo wa msitu, ikipakana na malisho ya Wamaasai. Mtoto aliyefiwa na baba alibaki ndani ya mbari, chini ya baba mdogo au babu. Hata mgeni asiye na damu yao alikuwa na njia ya kuingia: angeweza kupewa shamba la kulima bila kulimiliki akaitwa muhoi, au akachinjiwa mbuzi na kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa upya ili awe mwana wa mbari kamili. Na ulipofika wakati wa tohara, hakuna kijana aliyeingia peke yake. Alikuwa na mutiri, mtu mzima wa kumshika siku ya kisu, kumuuguza akiwa na kidonda, na kumfunza jinsi mtu mzima anavyosema, anavyokula na anavyodai haki yake. Mtoto alikuwa na baba, na juu yake akaongezewa mtu mwingine wa kumvusha.

Nisifanye siku hizo kuwa pepo. Baba wadogo wengi walimeza mashamba ya mayatima, na migogoro ya ardhi baina ya watoto wa ndugu ni ya zamani kuliko mahakama zetu. Tena utaratibu huo ulikuwa na kikomo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ukame, nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui vilipofuatana, mbari nyingi za upande huu zilivunjika, na watu wakatafuta chakula popote kilipokuwa. Njaa hiyo ilipokuwa imepamba moto, mwaka 1898, wamisionari wa Kiskoti walihama Kibwezi wakaja Dagoretti, kisha wakatua Thogoto, magharibi ya Kabiria. Kasisi Thomas Watson alifariki mwaka 1900. Mjane wake, Minnie Watson, akabaki na kuendelea kufundisha watoto waliokusanyika hapo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kikuyu asiye na pa kwenda alikuwa na jengo la kwenda.

Pwani, majengo kama hayo yalikuwepo tayari kwa kizazi kizima. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza alipofika Zanzibar, alikabidhiwa wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Kutokana nao kikakua chuo cha Kiungani, na baadaye Mbweni ikawa mahali pa wasichana na pa familia za walioachwa huru. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Ng'ambo ya bahari, mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo mwaka 1868 wakaanza kununua na kupokea watoto, wakiwafunza kilimo, useremala na dini.

Mapadre wa Bagamoyo walikuwa na jibu kamili kuhusu kuondoka. Kijana akishafika umri wa kuoa, alitafutiwa mke miongoni mwa wasichana waliolelewa kwa masista, wakafungishwa ndoa, wakapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo kilichokuwa jirani. Misheni ilipotaka kwenda bara, iliwatuma wanandoa hao wakawe mbegu ya kijiji kipya. Hivyo ndivyo Mhonda ilivyoanzishwa mwaka 1877. Hakuna aliyetimiza umri akaambiwa aende zake. Swali ni kama aliweza kwenda zake hata akitaka. Siku za juma ziligawanywa kati ya shamba lake na kazi za misheni, mchumba alipitishwa na padre, na aliyekiuka sheria za kijiji alikipoteza kibanda. Alitoka mikononi mwa bwana aliyemnunua ili amtumikishe, akaingia mikononi mwa padre aliyemnunua ili amwokoe, na pande zote mbili hakuulizwa anataka nini.

Watoto wengine waliookolewa na meli za Kiingereza walipelekwa mbali zaidi, hadi India. Huko Sharanpur, karibu na Nasik, misheni ya Kianglikana iliwafunza uhunzi, useremala, kusoma na Kiingereza. Hao ndio waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay. Walipokuwa watu wazima, waliowalea waliwatafutia kazi Afrika ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuifanya: wengine wakarudi Mombasa na Rabai tangu mwaka 1864, na wengine wakatumwa kumsaidia David Livingstone bara. Jacob Wainwright, mmoja wao, aliusindikiza mwili wa Livingstone hadi mazishi yake Westminster mwezi Aprili 1874. Mwaka uliofuata William Salter Price, aliyewahi kuiongoza Sharanpur, alianzisha Freretown upande wa bara wa Mombasa kwa ajili ya walioachwa huru, na watu wa Nasik wakawa ndio walimu, makatibu na mafundi wa mahali hapo. George David na William Jones walikuwa wahubiri kabla Freretown haijapata hata paa.

Ninapenda kisa cha Nasik kwa sababu kinaonyesha thamani ya ufundi ulio mkononi, lakini pia kinaonyesha upungufu wake. Vijana hao walirudi katika pwani ambayo hakuna aliyewajua. Kwa Wamijikenda walikuwa wageni waliovaa suruali, kwa Waarabu walikuwa watumwa wa jana, kwa wamisionari walikuwa wasaidizi wasiopaswa kudai mshahara sawa. Walioana wenyewe kwa wenyewe, wakabatiziana watoto, wakazikana. Freretown nayo ilikuwa na fimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 viboko vya wasimamizi wake vilileta aibu hadi London. Bado, ukiwauliza watu wa Kongowea leo kuhusu mahali paitwapo Kengeleni, watakuonyesha kengele ya Freretown na kukutajia koo za watu wake. Kukosa koo kuliwafanya waunde zao.

Turudi Thogoto. Mwaka 1909 alifika hapo kijana aliyefiwa na baba, akalelewa na baba mdogo aliyemrithi mama yake, kisha mama naye akafariki na mtoto akahamia kwa babu, Kungu wa Magana, aliyeishi karibu na misheni. Jina lake lilikuwa Kamau wa Ngengi. Alifunzwa useremala, akatahiriwa pamoja na rika lake mwaka 1913, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, akaondoka. Kila mtu anajua alivyoishia: Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Wachache huangalia miaka iliyofuata mara tu baada ya kuondoka, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika mashamba ya mkonge Thika, chini ya mhandisi John Cook, mtu aliyekuwa ameshughulikia ujenzi pale Thogoto. Alipougua, alipelekwa kuuguzwa katika misheni ya Tumutumu. Serikali ilipokuwa ikiwakamata vijana kuwapeleka vitani kama wapagazi, alikwenda kuishi na jamaa zake wa Kimaasai huko Narok. Mwaka 1922 akarudi Nairobi, na aliyempa kazi katika idara ya maji ya manispaa, kusoma mita na kutunza stoo, ni yuleyule John Cook. Kwa mshahara huo akajenga nyumba ya pili Dagoretti, akaifanya duka na kuliita Kinyata Stores. Kanisa nalo lilikuwa bado linamfuatilia: lilimtaka afunge ndoa ya serikali na Grace Wahu baada ya kuoana kimila, naye akafanya hivyo mwaka huohuo.

Hesabu watu waliomsimamia yatima huyu katika miaka hiyo: babu, mutiri wa tohara, mwajiri aliyemkumbuka mara mbili, misheni iliyompokea akiwa mgonjwa, jamaa wa mbali wa kumficha. Akili alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini tukisimulia kwamba alitoka misheni na shilingi mfukoni akajijenga mwenyewe, tunawaongopea vijana.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, haikuwa na haja ya kulea mtu yeyote. Iliingia katika jambo hili kupitia jela. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilijenga Kabete shule ya kurekebisha wavulana, na wengi waliopelekwa huko walikuwa wamekamatwa kwa uzururaji, kwa kuiba chakula, au baadaye kwa kukosa kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni. Walifunzwa uashi, ushonaji na useremala chini ya fimbo. Mtoto asiye na mtu na mtoto mhalifu wakawekwa chini ya paa moja, na harufu ya mchanganyiko huo haijatutoka: hadi leo kijana akisema alilelewa makaoni, kuna mwajiri anayesikia alifungwa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, vita vya serikali hiyo na Mau Mau. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwazoa maelfu ya wanaume Nairobi, mashambani watu wakafungiwa vijijini, na watoto wakabaki barabarani. Mwaka 1955 kikaundwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya. Mwaka huohuo, katika uwanda wa Mwea, kambi ya Wamumu ikatengwa kwa ajili ya vijana waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Zaidi ya elfu moja walipitia hapo. Miongoni mwa walioiongoza alikuwa afisa kijana, Geoffrey Griffin, aliyesaidia kugeuza kambi ya kizuizini kuwa kitu kinachofanana na shule ya bweni, yenye bendi, michezo na karakana.

Wamumu ilikuwa chombo cha propaganda, na wavulana walilazimishwa kuungama viapo ambavyo wengine wao hawakuwahi kula. Hata hivyo maafisa wake walijua kwamba kijana akiachiliwa bila kazi atarudi msituni au mtaani, na utawala mzima ungeaibika. Kwa hiyo walitafuta nafasi: viwandani, kwa wakulima, katika klabu za vijana ambako wahitimu wa Wamumu waliajiriwa kuwa walezi wa wadogo zao. Mwaka 1959 Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuzuiliwa, walifungua Starehe kwa vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Baada ya uhuru Griffin akapewa kuanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, mwaka 1964. Ukitaka kujua kwa nini Starehe ilifanikiwa na watoto maskini pale ambapo majengo mengi yalishindwa, usiangalie mitihani pekee. Angalia kwamba aliyesoma Starehe aliondoka na jina ambalo meneja yeyote wa Nairobi alilitambua. Shule ilimsimamia.

Hapa ndipo ninapoona historia inakata kona. Misheni, mbari na hata kambi ya kikoloni, kila kimoja kilimhitaji mtoto akishakua: kama muumini, kama mkulima, kama mpiganaji wa upande wake. Kwa kuwa vilimhitaji, vilimtengenezea mlango, na vikatoza bei. Makao yaliyojaa Kenya baada ya uhuru hayakumhitaji mtu mzima hata kidogo. Yalimhitaji mtoto. Ile bei ikaondolewa, jambo jema, na mlango ukaondolewa pamoja nayo.

Sheria ilisaidia kuuondoa. Ile ya watoto na vijana tuliyoingia nayo katika uhuru iligawa umri kwa makundi: chini ya miaka 14, kati ya 14 na 16, kati ya 16 na 18. Ilieleza kwa kirefu jinsi mtoto anavyoingizwa mahali. Kuhusu atokavyo ilikuwa na haraka. Mashirika ya nje nayo yalikuja na mitindo ya kwao. Barnardo, lililofungua makao yake ya kwanza ya wavulana London mwaka 1870 na ambalo huko nyuma lilitatua swali la kuondoka kwa kuwapakia maelfu ya watoto melini kwenda Kanada, lilijenga Langata. Vijiji vya SOS, vilivyoanzishwa na Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, mwaka 1949, vilifika Buruburu katika miaka ya 1970. Hao wa SOS walikuwa na jambo ambalo wengi hawakuwa nalo: mvulana akibalehe alihamia nyumba ya vijana, kisha akasaidiwa kupanga chumba nje huku kijiji kikiendelea kumlipia kwa muda. Ni ghali. Pia ndivyo familia ya kawaida inavyofanya bila kuita mpango.

Na kulikuwa na Padre Arnold Grol, Mholanzi aliyeanzisha Undugu mwaka 1973 kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakielekeza magari yaegeshwe katikati ya jiji. Undugu walikuja kugundua kitu ambacho mafundi wa jua kali walikijua siku zote. Badala ya kumweka kijana katika karakana ya shirika na kumpa cheti, walimweka kwa fundi wa kweli mtaani, mtu mwenye kibanda, wateja na madeni. Mafunzo yakiisha, kijana alikuwa amepata ujuzi, na amepata mtu. Fundi ndiye atakayesema kwa mteja, huyu nilimfunza mimi. Ukipita Naivasha Road, kati ya Kawangware na Kabiria, ukaona walivyokaa wachomeleaji na maseremala, utaelewa kwamba hakuna anayepewa nafasi pale kwa kuonyesha karatasi.

Halafu Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, na Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, makao ya watoto yalikuwa yameota kila mtaa wa Nairobi. Mengine yalianzishwa na akina mama wa kanisa walioshindwa kumpita mtoto kibarazani. Mengine yalianzishwa na watu walioona kwamba picha ya yatima huleta dola. Ya aina zote mbili yalijiita makao kwenye kibao.

Kisa cha mtaa wa Karen kinasema mengi. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, alifungua Nyumbani pamoja na Sista Mary Owens kwa ajili ya watoto wachanga wenye virusi waliotupwa hospitalini. Palikuwa mahali pa kufia kwa heshima. Hakuna aliyepanga siku ya kutimiza miaka 18, maana hakuna mtoto aliyetarajiwa kuifikia. Baada ya sheria ya mwaka 2001 kuruhusu kuingizwa kwa dawa za bei nafuu, watoto walianza kuishi. Wakahitaji shule, na shule za serikali zikawakataa hadi makao hayo yalipokwenda mahakamani na serikali kukubali, mwanzoni mwa 2004, kuwapokea. Kisha wakahitaji kitambulisho, kazi, mchumba, na mahali pa kumeza dawa bila kuulizwa na jirani. Wakati huohuo mradi wa Lea Toto wa Nyumbani ulikuwa ukiwafuata watoto majumbani kwao, kuanzia Kangemi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha Kawangware na Dagoretti, ukiwatibu wakiwa kwa bibi au shangazi. Watoto wa pande zote mbili walipata dawa ileile. Waliobaki kwa bibi hawakuwahi kuwa na siku ya kuondoka.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilikuwa hatua kubwa. Ndani yake kifungu cha 28 kiliiruhusu mahakama kuongeza wajibu wa mzazi kupita siku ya miaka 18 kukiwa na sababu maalumu. Kilitumiwa sana na vijana waliowashtaki baba zao walipe karo ya chuo kikuu. Yule asiye na baba wa kumshtaki hakupata kitu mle. Katiba ya 2010 ilimkumbuka kwa upande mwingine: ibara ya 14 inasema mtoto anayepatikana Kenya akionekana kuwa chini ya miaka 8, na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni maneno mazuri. Dirishani kwa msajili wa watu, hata hivyo, kijana bado huulizwa nakala ya kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu wa kwao, na kwao ni makao ambayo huenda yalikwisha kufungwa. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa hapa Kabiria hulipwi kibarua wala hulipi kodi.

Nchi tajiri nazo zilichelewa. Marekani ilipitisha sheria ya fedha za kuwasaidia vijana wanaotoka malezini mwaka 1999, na ni mwaka 2008 tu ilipoyaruhusu majimbo kuwalea hadi miaka 21 kwa msaada wa serikali kuu. Uingereza iliwapa haki zao mwaka 2000. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake mwishoni mwa 2009. Mwaka huohuo wa 2009, Nairobi, vijana waliolelewa makaoni waliunda chama chao wenyewe, Kenya Society of Careleavers, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa Stephen Ucembe, ambaye tangu hapo amezungumza hadharani nchini na nje kuhusu kukulia makaoni. Mimi ninaona tarehe hiyo ni muhimu kuliko ya sheria yoyote. Mpaka hapo, kila aliyesema kuhusu watoto hao alikuwa mlezi, mfadhili au afisa.

Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2014 kuhusu malezi mbadala ulitaja waziwazi matayarisho ya kuondoka na maisha ya kujitegemea kwa usaidizi, yaani kijana kupangishiwa chumba huku mtu akimtembelea. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Wakati huo makadirio yaliyotajwa mara nyingi yalikuwa watoto 40,000 hadi 45,000 katika makao yapatayo 800. Machi 2020, korona ilipoingia, makao yaliagizwa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao, na maelfu wakarudishwa ndani ya siku chache, wengine bila jamaa hao kuonywa. Ilikuwa vurugu. Ilithibitisha pia jambo lililokuwa likisemwa chinichini: wengi wa hao tuliowaita yatima walikuwa na mama, nyanya au mjomba anayejulikana kwa jina na kijiji. Kwa miaka mingi tulikuwa tumewalea wakisahauliana.

Tatizo la wanaotoka makaoni wakishakuwa watu wazima wanalijua vizuri wao wenyewe. Msichana anachumbiwa, na wazee wa mvulana wanauliza waje na mbuzi kwa nani. Mgonjwa anafika hospitali, anaandikiwa fomu, panabaki mstari mmoja mtupu. Mwenye kaunta ya mkopo anataka wadhamini wawili. Makao yaliyomlea yana meneja mpya asiyemjua, na mfadhili aliyekuwa akimwandikia barua za Krismasi aliacha alipomaliza kidato cha nne. Nimekuwa nikisikia warsha zinazoendeshwa kwa vijana hawa kuhusu akiba, mahojiano ya kazi na upishi. Hazina ubaya. Lakini kijana wa nyumbani, wa mtaa wa Satellite, hakujua kupika wala kuweka akiba alipohama kwao. Alihama akijua kwamba akishindwa Jumatano, Alhamisi atakula kwa mama.

Mwaka 2022 ulileta mambo mawili ndani ya wiki chache. Juni ulizinduliwa Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032, na waliolelewa makaoni walishirikishwa kuuandaa. Una nguzo tatu: kuzuia familia zisitengane, malezi mbadala ya kifamilia, na kuwatoa watoto makaoni kuwarejesha katika familia na jamii. Julai ikaanza kutumika Sheria mpya ya Watoto, inayotambua malezi ya ukoo, ulezi wa familia za kambo, na kafala wanayoijua Waislamu. Kimsingi nchi imekubali, baada ya mzunguko mrefu, kwamba mtu hawezi kusimamiwa na jengo. Inataka kurudi kwa baba mdogo na muhoi, safari hii kukiwa na afisa wa watoto wa kuangalia shamba la yatima lisimezwe.

Hofu yangu iko kwenye hesabu ya miaka. Mageuzi yameandikwa kwa macho yaliyoelekea watoto wadogo, kwa kuwa ndio wanaoweza kurudishwa au kupokewa. Mwenye miaka 16 leo hakuna familia inayompigania. Makao yakipungukiwa na fedha kwa sababu wafadhili wamesikia yanafungwa, wa kwanza kufupishiwa muda atakuwa yeye, na maafisa wa watoto wa Dagoretti, kama wenzao kote nchini, wana mafaili mengi kuliko siku za kazi. Kinachohitajika kwake si kikubwa kukitaja: cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vikamilishwe kabla hajaondoka, chumba kilipiwe kwa mwaka mmoja au miwili, afungwe kwa fundi au kwa mwalimu, na mtu mmoja mzima aandikwe kwa jina, mwenye kuulizwa kila mwezi kijana yuko wapi. Serikali inawalipa walezi wa mayatima shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, ikiwamo hapa Nairobi. Hakuna shilingi iliyotengwa kwa mutiri.

Mtoto mchanga aliyepokelewa katika makao ya Nairobi mwezi ule wa Novemba 2017, usajili uliposimamishwa, atatimiza miaka 18 mwaka 2035. Mkakati unaisha 2032.